Uzi wa Mita Kumi

Kifaa chenye manufaa kuliko vyote katika ofisi ya kilimo ya wadi, kuanzia Embu hadi Meru, kinaingia katika mfuko wa koti na nafasi ikabaki. Ni pimamaji ndogo ya plastiki yenye ndoano mbili za kuitundikia kwenye uzi. Ukiongeza uzi wa nailoni wa mita 10 na miti miwili iliyokatwa urefu sawa, umekamilisha mtambo wa kulizuia shamba la mtu lisiteremke hadi Mto Tana. Kompyuta ya ofisi huenda imekufa, pikipiki huenda inasubiri petroli, lakini pimamaji haingoji bajeti ya kaunti.

Mwanafunzi anayeletwa na chuo kati ya Mei na Agosti, kwa yale mazoezi ambayo wenyewe wanayaita atachimenti, hukabidhiwa mti mmoja kati ya hiyo miwili. Kazi yake ni kusimama wima na kufuata anachoambiwa. Niliushika mti huo nikiwa mwanagenzi katika miinuko ya Runyenjes, na miaka baadaye nimeushika tena Imenti Kusini nikiwa mwandishi mwenye viatu visivyofaa kwa tope. Mara zote mbili nilijikuta nikimtazama mtu aliyekuwa katikati ya uzi: afisa wa ugani, ameinama, jicho moja limefumbwa, anakingoja kiputo cha hewa kitulie.

Kazi huanza kwa kuipima pimamaji yenyewe. Uzi unavutwa, pimamaji inatundikwa katikati kabisa, mita 5 kila upande, kiputo kinaachwa kitulie. Kisha inageuzwa, ncha ya kulia ikawa kushoto. Kiputo kikirudi palepale, chombo kinasema kweli. Kisiporudi, siku hiyo hakuna kupima. Na kuhusu hiyo katikati hakuna mzaha: uzi hulegea kidogo kwa uzito wa pimamaji, na ni pale nusu ya njia tu ambapo mlegeo wa pande mbili unalingana na kuacha kudanganya. Madam, kama tulivyomwita sisi wanafunzi wa Runyenjes, alikuwa amefunga kipande cha uzi mwekundu hapo katikati, na kila baada ya vigingi vichache alikihakiki kwa kuukunja uzi wote mara mbili. Sikuwahi kuona kimesogea. Alihakiki vilevile.

Mwenye mti wa kwanza anabaki kwenye kigingi cha kwanza. Wa pili anakwenda mbele hadi uzi ukaze, halafu anapanda au kushuka mteremko akifuata sauti. Juu. Juu tena. Umepita, rudi. Hapo. Kiputo hukimbilia upande ulio juu, kwa hiyo anayekitazama anajua amwelekeze nani na wapi bila kuinua kichwa. Kigingi kinapigwa, mti wa kwanza unahamia kwenye kigingi cha pili, wa pili unatangulia tena. Hivyo hivyo hadi mpaka wa shamba, ukipinda kuelekea juu unapofika bondeni na kuelekea chini unapozunguka mgongo wa kilima, mpaka unaona kwamba kilima kilichoonekana kunyooka kina mabega, mbavu na kiuno.

Mstari ukiisha, ni mbaya kuutazama. Unayumbayumba, kwa sababu kila kigingi kimesoma kwa uaminifu kila kichuguu, kila shimo la fuko na kila bonge la udongo lililokuwa chini ya mti. Hapo ndipo afisa anapouacha uzi chini, anavuka hadi ng'ambo ya bonde, anasimama na kuutazama mstari kwa mbali. Anarudi. Anang'oa kigingi kimoja, anakisogeza hatua moja chini, kingine nusu hatua juu, vingine havigusi. Mstari unanyooka kuwa tao moja refu ambalo mtu anaweza kulilima bila kuvunja mgongo. Ukiisoma hatua hii kitabuni unaipita haraka. Kuitenda kunahitaji ujue ni uyumbaji gani ni wa ardhi na upi ni wa kichuguu, na ujuzi huo hauna kifaa. Nilimuuliza madam anajuaje. Akaniambia niende nikasimame ng'ambo nami nitazame. Nilisimama muda mrefu nisione kitu, naye hakuniharakisha.

Sasa jambo ambalo mgeni hulikosa. Uzi huo mmoja hutumika kwa nia mbili zinazopingana, na umbali kati ya nia hizo ni mwendo wa saa moja kwa gari. Mji wa Embu uko mita 1,350 hivi juu ya usawa wa bahari. Panda kuelekea Mlima Kenya kupitia Manyatta, utapita kahawa uingie chai hadi ukingo wa msitu. Teremka kuelekea Siakago na Kiritiri, utaacha kahawa, utapita makadamia na mahindi, uingie kwenye miembe, ndengu, mtama na mbuzi, mpaka yalipo mabwawa ya umeme ya Mto Tana. Mvua inapungua kila unaposhuka. Kule juu shida ni maji kuzidi: mtaro uliopimwa sawasawa kabisa utajaa, utafurika mahali padhaifu na kuchimba korongo kabla mwenye shamba hajaamka. Kwa hiyo afisa anashusha uzi sentimita 5 kwenye mti mmoja, ili kila mita 10 mtaro uiname kidogo tu na kuyasindikiza maji polepole hadi kwenye njia yenye nyasi. Kule chini, Mbeere, maji hayasindikizwi popote. Uzi unafungwa urefu uleule miti yote miwili, mtaro unalala bila kuinama, na tone linaloingia humo linatakiwa lizame humo.

Anayehamishwa kutoka juu hadi chini na asibadilishe fundo la uzi ataharibu mashamba kwa bidii yake yote. Vivyo hivyo mbegu, mbolea, tarehe ya kupanda, hata namna ya kuzungumzia mvua. Kuna vitabu vilivyoligawa eneo hili kwa kanda. Maarufu zaidi ni mwongozo wa usimamizi wa mashamba wa Jaetzold na Schmidt uliotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, wenye alama kama UM2 kwa eneo la kahawa yenyewe na LM4 kwa nyanda kavu zaidi. Nimewaona maafisa wakizitaja alama hizo kwa ripoti. Shambani hutazama vitu vingine: urefu wa majani kati ya safu za kahawa, magugu yanayoota kwenye udongo wenye asidi, rangi ya vumbi kwenye kwato za ng'ombe.

Baada ya vigingi huja jembe, na hapa Kiswahili kimeingia katika vitabu vya dunia nzima vya hifadhi ya udongo. Fanya juu: unachimba mtaro wa sentimita 60 hivi kwa kina na upana, na udongo unautupa upande wa juu wa mteremko, kinyume cha matakwa ya mkono na mgongo. Kutupa chini kungekuwa rahisi. Lakini udongo uliotupwa juu unakuwa ukuta, na kila mvua ikija na kila palizi ikifanywa, udongo wa shamba hushuka ukajikusanya nyuma ya ukuta huo. Misimu ikipita, mteremko unajitengeneza wenyewe kuwa ngazi tambarare. Kinachosifiwa hapa ni subira ya hesabu: unachimba kidogo, na mmomonyoko uleule unaouogopa unakufanyia kazi iliyobaki. Juu ya ukuta hupandwa nepia, na mara nyingi vichaka vya kaliandra kando yake. Watafiti waliofanya kazi Embu miaka ya 1990 walipima wakaona kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra zinaweza kushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha maziwa cha dukani. Afisa mzuri huanza na hesabu hiyo ya ng'ombe. Mmomonyoko atautaja baadaye, kwa sababu udongo unaoondoka hauna bei lakini gunia la chakula cha ng'ombe lina bei, na kila mtu anaijua.

Kuna sababu nyingine ya kutoanza na mmomonyoko. Kazi ya kuchimba mitaro katika nchi hii ina kumbukumbu mbaya. Wakati wa ukoloni watu walilazimishwa kuchimba, na Murang'a mwaka 1947 na 1948 wanawake walikataa hadharani. Kahawa nayo ilikuja na amri. Waafrika wa Embu, Meru na Kisii waliruhusiwa kuijaribu katika miaka ya 1930, kwa masharti makali, na ilienea baada ya mpango wa Roger Swynnerton wa 1954. Hata baada ya uhuru, kung'oa mkahawa wako mwenyewe bila ruhusa kulikuwa kosa. Bwana shamba wa enzi hizo alikuwa na kofia, kitabu cha majina na uwezo wa kukushtaki. Leo afisa hana uwezo wowote ule. Hawezi kukuamuru, hawezi kukutoza, mara nyingi hana hata mbegu ya kukupa. Ana maneno tu, na shaka ya mzee ambaye baba yake aliwahi kuandikwa katika kile kitabu.

Kwa hiyo ustadi mwingi uko kwenye kuingia bomani. Madam hakuingia na kalamu mkononi. Alisalimu, akauliza habari za watoto, za maziwa, za yule jirani aliyelazwa. Aliomba aonyeshwe kilichofaulu kwanza. Watu wakikuonyesha kilichofaulu wanatembea wima, na njiani unapita mbele ya kila kilichoshindikana bila mtu kuaibishwa. Alikuwa na tabia moja niliyochelewa kuielewa: mume akijibu swali, alimshukuru, kisha akaliuliza upya kwa mke kwa sura nyingine. Kwa mume lilikuwa "mlipanda lini?" Kwa mke lilikuwa "mama, siku mliyopanda, mvua ilikuwa imenyesha mara ngapi?" Majibu hayo mawili yalitofautiana mara nyingi kuliko yalivyolingana, na la pili ndilo lililoandikwa.

Ushauri ulikuja mwisho, na ulikuwa mdogo. Hili linamkera mwanafunzi. Amefika na daftari limejaa, ameona makosa saba shambani na yote ana dawa yake. Afisa anaondoka akiwa ametaja moja. Yale mengine ameyaona vizuri kuliko mwanafunzi, lakini anajua ni lipi linalowezekana kabla ya Jumapili kwa pesa iliyopo, na kwamba mtu aliyeambiwa saba hafanyi hata moja.

Kusoma majani ni sehemu ambayo mwanagenzi hudhani anaijua. Nitrojeni na magnesi zikipungua mmea huzihamisha kutoka majani ya zamani kulisha machanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Chuma hakihami, kwa hiyo njano yake huanzia juu. Mahindi yenye upungufu wa fosforasi huwa na zambarau. Yote hayo ni kweli, na yote hayo yanaweza kukupotosha ukiwa Kianjokoma asubuhi ya baridi, ambapo mahindi machanga huwa ya zambarau kwa sababu ya ubaridi tu na hurudi kijani jua likipata nguvu, bila senti moja ya mbolea. Au fosforasi imo tele lakini udongo umechacha kwa kuwekewa mbolea ya DAP msimu baada ya msimu, na mizizi haiwezi kuichukua. Mfuko mwingine wa DAP hapo ni kuongeza ugonjwa. Afisa huchimba. Huchukua udongo kwenye vidole, huuliza mbolea ya misimu iliyopita, hutazama mizizi kabla ya jani.

Kuhusu viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, hutembea. Mkulima humwonyesha mimea ya ukingoni iliyoliwa vibaya, kwa sababu ndiyo anayoipita kila siku. Afisa hulivuka shamba lote kwa umbo la herufi W, anasimama mahali patano, anafunua moyo wa mmea mmoja mmoja akitafuta unga wa kinyesi unaofanana na vumbi la mbao, na anahesabu. Nimemwona akitoka shambani na kumwambia mtu asinunue dawa. Duka la pembejeo halifurahishwi na ushauri huo, na hakuna ripoti ya serikali yenye safu ya dawa ambazo hazikunyunyizwa.

Julai ni mwezi wa mahindi ya mvua ndefu kutoka sehemu za chini, na hapo niliona kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Mtu anataka kujua mahindi yake yamekauka vya kutosha kuwekwa ghalani. Zamani aliyauma kwa meno. Kuna mashine ya kupima unyevu, lakini haiko kila wadi. Basi afisa anaomba chupa kavu ya kioo yenye mfuniko na konzi ya chumvi iliyoanikwa. Mahindi yanajaa robo ya chupa, chumvi inafuata, mfuniko unafungwa, chupa inatikiswa kwa dakika moja au mbili kisha inaachwa itulie.

"Shosho, haya yamekaa juani tangu lini?"

"Tangu wiki ile, daktari." Wakulima walimwita daktari, ingawa hakusomea mifugo wala watu.

"Haya, tuyaulize yenyewe."

Chumvi ikibaki imeshika kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi kwenye turubai. Ikiteremka yote na kuacha kioo safi, yamekaribia ile 13.5 inayotakiwa. Kuna kitu cha haki katika kipimo hicho. Afisa hajasema lolote. Chupa iko mkononi mwa mwenye mahindi, naye anasoma mwenyewe. Na si mchezo wa chumvi tu. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125 katika uliokuwa Mkoa wa Mashariki, wengi wao Makueni na Kitui, na Embu na Meru zilikuwa katika mkoa huohuo. Shosho yule aliichukua chupa akaenda nayo kwa jirani kabla hatujafika barabarani.

Upande wa Nkubu, ambako kituo cha mafunzo ya kilimo cha Kaguru kimewapitisha wakulima na wanafunzi wengi, somo ni ndizi. Shina moja la mgomba likiachwa lijiendee huzaa kichaka, na kichaka huzaa vidole. Kanuni inayofundishwa ni ya ukoo: mama anayebeba mkungu, binti aliyefika nusu, mjukuu aliyetoka juzi, na wengine wote waondolewe. Kanuni ni rahisi, kuchagua mjukuu ndiko kugumu. Mzee niliyemfuata huko, afisa aliyekaribia kustaafu, alipiga magoti kwenye kila shina. Alitafuta chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, lililoota chini sana na kushikamana vizuri na mama, na lililo upande uleule wa binti, ili mgomba utembee pamoja na safu yake usije ukakutana na wa jirani baada ya miaka mitano. Lenye majani mapana mapema, ambalo mimi ningelichagua kwa unene wake, alilikata. Ni zuri kwa macho na dhaifu kwa mizizi.

Lakini kazi ya mkono iliyo nzuri kuliko zote katika vilima hivi ni kuibadilisha kahawa ya zamani bila kuing'oa. Mashamba mengi yana SL28 na SL34, aina zilizotoka katika maabara ya Scott miaka ya 1930, zenye ladha inayosifiwa duniani na udhaifu mkubwa mbele ya ule ugonjwa wa matunda uliogunduliwa Kenya mwaka 1922. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 na Batian mwaka 2010, hii ya pili ikiwa na jina la kilele cha juu cha mlima unaoonekana kutoka mashambani humo asubuhi zisizo na mawingu. Zote mbili zinauhimili ugonjwa. Mkulima mwenye mikahawa aliyopanda babake hataki kuing'oa, na hana haja. Mashina ya kale hukatwa karibu na goti, moja tu likiachwa kwanza liendelee kuulisha mti, na machipukizi yanayotoka kisikini yanapofika unene wa kalamu, mawili bora hupandikizwa vikonyo vya aina mpya.

Nilimtazama madam akifanya hivyo kwa asubuhi nzima, na sijui kama nimewahi kuona mikono iliyotulia vile. Kisu kilinolewa kwenye jiwe, kikajaribiwa kwenye unywele wa mkono. Kikonyo kilichongwa kwa mikato miwili tu kiwe kabari. Mkato wa tatu, alisema, huacha ngazi na hewa hukaa hapo. Chipukizi lilikatwa juu, likapasuliwa katikati. Kabari ikaingia. Kikonyo kikiwa chembamba kuliko chipukizi, hakiwekwi katikati, kinasogezwa hadi ganda la ndani la upande mmoja likutane na ganda la ndani la mwenziwe, kwa maana hapo peke yake ndipo uhai unapovukia. Utepe wa plastiki ukazungushwa kutoka chini kwenda juu, kila mzingo ukilalia nusu ya uliotangulia. Kisha kifuko kikavikwa juu kuzuia kikonyo kisikauke kabla hakijapata maji ya nyumba mpya. Kazi ya kila kimoja ilikuwa fupi, na hakikufanana na kinachofuata, kwa sababu hakuna machipukizi mawili yaliyokua sawa. Wenye shamba, mume na mke, walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa mtaro. Madam alipofika mti fulani alimpa mke kisu na yeye akakaa chini. Hakumwelekeza. Alinyoosha tu mkono mara moja kuugeuza ubapa wa kisu, basi.

Sifa hizi zisinifanye nisahau kwamba kuna ustadi mwingine mkubwa katika milima hii uliokua bila afisa yeyote. Kule Igembe, kwa vizazi kadhaa, miraa ilitunzwa, ikakatwa, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kufika Nairobi ikiwa mbichi, huku kwa muda mrefu haikuwa hata kwenye orodha ya mazao ya serikali. Wakulima walifundishana wenyewe, na miti mikongwe wanayoiita mbaine bado inakatwa kwa utaratibu wao wenyewe. Mzee wa Nkubu aliniambia kwamba alipohamishiwa huko, kazi yake mwaka wa kwanza ilikuwa kusikiliza. Sidhani ilikuwa hasara.

Hesabu za kazi hii hazifurahishi. Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Nchini Kenya mmoja huhudumia zaidi ya elfu. Mipango imekuja na kuondoka. Benki ya Dunia, kuanzia miaka ya 1980 hadi 1998, ilileta mfumo wa kutembelea wakulima wachache teule kwa ratiba ya kila wiki mbili, na ujumbe uliopangwa tayari; maafisa wa zamani wanaukumbuka kwa kuwa ulikuwa na pikipiki. Ukafuata mpango wa NALEP uliosaidiwa na Sweden, kati ya 2000 na 2011, uliochagua eneo moja na kukaa nalo. Mwaka 2013 kilimo kikahamia kaunti. Sasa kuna vijana wanaotembea na simu wakiwasajili wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, na makundi ya WhatsApp ambako picha za majani hufika usiku wa manane. Madam alizijibu, lakini karibu kila mara jibu lake la kwanza lilikuwa lilelile: geuza jani unipigie picha ya upande wa chini. Wengi walipoligeuza waliona wadudu wenyewe.

Ningeubadilisha mpango wa mazoezi kwa jambo moja. Wanafunzi huja Mei wakaondoka Agosti, kwa hiyo huona palizi na mavuno, wasione uamuzi. Mbeere na nyanda kavu za Meru hutegemea zaidi mvua fupi ya Oktoba hadi Desemba kuliko ile ndefu, na Septemba ndiyo wakati afisa anapofanya kazi iliyo ngumu: kukaa na kikundi chini ya mwembe na kuafikiana nani atapanda ndengu ya N26, ambayo wenyewe wanaiita Nailoni, na nani KS20 waliyoibatiza Anko, nani atapanda kwenye vumbi kabla ya tone la kwanza na nani atangoja, ni mtaro wa nani uchimbwe kwanza wakati ardhi bado ngumu. Ndengu hukomaa kwa miezi miwili hadi mitatu. Mwanafunzi akiletwa Septemba na kubaki hadi Januari angekuwepo wakati wa kubishana, wakati wa kupanda, wakati mvua inapokatika wiki ile mbaya ya Novemba, na wakati wa kupima magunia. Chuo Kikuu cha Embu, kilichosimama mahali pa chuo cha zamani cha kuwafunza watumishi wa kilimo, kiko karibu kiasi kwamba wengine wangeweza kwenda shambani Ijumaa na kurudi darasani Jumatatu. Nilimpigia madam kumweleza wazo hilo. Akasema ni zuri, akaniuliza kama nimewahi kuona ratiba ya mitihani, kisha akakata simu kwa sababu alikuwa ameshika uzi.